"Hitilafu ya Umeme" Si Kadari

Ndugu wanachama, nyumba iunguapo, bara au visiwani, aghalabu twaambiwa neno moja: "hitilafu ya umeme". Faili likafungwa. Jee, hitilafu hiyo ni jini asiyeonekana?

Tutazame Mbulu, huko bara mkoani Manyara, ambako hesabu yenyewe yaonekana wazi. Mwaka 2022 ada ya kuungiwa umeme vijijini ilikuwa shilingi 27,000, na wakubwa walijisifu kwayo. Hatukatai, ni rahisi. Lakini fedha hiyo huishia kwenye mita. Nyaya za ndani ni mzigo wa mkulima mwenyewe, naye, mfuko ukiwa mtupu, humwita fundi wa bei ya chini. Waya mwembamba uliokusudiwa taa hubebeshwa pasi na jiko. Kiungo kilicholegea huchemka darini kimya kimya. Fyuzi ikikatika hutiwa kipande cha waya mnene, yaani mlinzi amefungwa mikono.

Sheria ya Umeme ya bara ya 2008 yataka fundi awe na leseni. Basi nani apandaye dari ya mkulima kukagua? Twataka ukaguzi huo uingizwe katika ada, Mbulu na hapa kwetu vilevile, na ripoti ya kila moto isomwe hadharani: waya gani, kiungo gani, nani aliufunga na nani aliupitisha.