Maiti Haiitwi Bungeni

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Uluguru, panya buku huwa wameshaingia kazini katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Shirika la APOPO huwafunza hapo kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi. Panya akiinusa hukwaruza udongo, akapewa ndizi. Kwa wepesi wake, hawezi kulilipua bomu kwa kulikanyaga.

Mwaka 2025 mabunge ya Latvia, Lithuania, Estonia, Ufini na Polandi yalipiga kura kujitoa katika Mkataba wa Ottawa wa 1997, unaopiga marufuku mabomu hayo. Nauliza: mtaalamu gani alisikilizwa? Mawaziri wa ulinzi wa nchi nne kati ya hizo walikwisha pendekeza hivyo kwa pamoja mwezi Machi. Hofu yao siidharau. Urusi iliivamia Ukraina mwaka 2022, na yenyewe haimo katika mkataba huo.

Lakini mtaalamu wa vita hesabu yake huishia siku vita vinapokwisha. Ya mteguaji ndipo inapoanza. Msumbiji vita viliisha mwaka 1992, na nchi ikatangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015. Panya wa Morogoro walikuwa miongoni mwa wafanyakazi. Miaka 23! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa amani alikuwa mtu mzima, na bado kulikuwa na mahali asipothubutu kukanyaga.

Wapo wanaotuambia kwamba mabomu ya kisasa yana akili, muda ukifika hujizima yenyewe. Vizuri. Basi anayesema hivyo achukue jembe, atangulie yeye kulilima shamba hilo.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maiti haiitwi bungeni kutoa ushauri. Ila mkulima aliyekatika mguu anaweza kuitwa, na mteguaji pia. Kamati ya Bunge inayomsikiliza jenerali peke yake haijashauriwa, imeamriwa.

Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2000. Wabunge wetu wasione haya kusema mbele ya wenzao wa Ulaya. Kazi ya kufukua yaliyofukiwa na wakubwa inafundishwa hapa, chini ya Uluguru, na mwanafunzi wake ni panya. Atakayepiga kura ya kuyarudisha aje kwanza Morogoro, aamke alfajiri, atazame.