Kazi ya chai ikiisha, na keja inaenda

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, kazi mara nyingi huja na nyumba. Kampuni zilijenga vijiji vizima vya wafanyakazi humo. Ila nyumba hiyo ni ya kazi, si yako. Mashine ya kuchuma majani ikichukua nafasi yako, unarudisha kikapu pamoja na ufunguo.

Hapo kijana anaingia mjini kusaka bedsita, aking'ang'ania vyumba na wanafunzi wa vyuo. Landilodi anadai kodi ya mwezi na deposti. Ajenti naye anataka "ya kuonyeshwa" kabla hujaona hata mlango.

Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ipo, lakini inalinda tu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha enzi ambazo wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Bedsita ngapi leo zinaingia hapo?

Wakati huohuo, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kugharimia nyumba za bei nafuu. Mpango huo unalenga umiliki. Aliyefutwa kazi jana hawazii kumiliki. Anatafuta pa kulala mwisho wa mwezi.

Bunge lipandishe kiwango hicho. Kaunti nazo zitenge nyumba za kukodisha kwa wanaoondolewa mashambani. Nasi vijana, tusitume pesa kwa keja tusiyoiona, na tudai risiti ya deposti. Bila karatasi, utamshtaki landilodi kwa ushahidi gani?