Jina la Kilifi Liko Kwenye Mishipa, Watu wa Kilifi Wako Wapi?

Kuna jina limeninyima usingizi wiki hii: ICAM-1 Kilifi. Ndiyo, Kilifi hii hii yetu ya daraja na korosho. Si hoteli, si matatu. Ni aina ya molekuli inayokaa kwenye ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, na mtafiti yeyote wa mishipa anayeshughulika na malaria lazima akutane na jina hilo. Nilienda stendi nikauliza watu kama wamewahi kulisikia. Mzee mmoja akaniuliza kama ni chama cha akiba na wanatoa mkopo kiasi gani.

Tulicheka. Halafu nikakasirika.

Hawa wanasayansi wa mishipa wana kongamano lao la kimataifa, kila baada ya miaka 2. Mwaka 2014 lilikuwa Kyoto, 2016 Boston, 2018 Helsinki, 2024 Amsterdam. Miji mizuri, sina neno. Lakini hakuna mbu wa Helsinki anayeua mtoto kwa malaria. Nikisema hivyo naambiwa, "Wewe uliacha chuo, wachia wataalamu." Sawa, niliacha. Biokemia, mwaka wa 2, karo ilikwama na nikachoka kupanga foleni ya kuomba kuongezewa muda. Kuacha chuo si kuacha kusoma, jamani. Bando ninanunua mwenyewe.

Ngoja nikueleze ni nini wanaongea huko, uone kama hakikuhusu.

Ndani ya kila mshipa kuna tabaka la seli, jembamba, unene wa seli 1 tu. Hilo tabaka ndilo linaamua damu ipite vipi, nini kitoke, nini kibaki. Sasa kimelea cha malaria ile kali kikiingia kwenye seli nyekundu, baada ya saa kadhaa kinatoa protini inaitwa PfEMP1 na kuipanga juu ya seli, kama ndoano. Seli inanasa ukutani. Kwa nini inase? Kwa sababu ikiendelea kuzunguka itapita kwenye wengu, na wengu huchuja seli mbovu bila huruma. Kimelea kinajificha kwenye mshipa. Kikijificha kwenye vimishipa vya ubongo wa mtoto, ndiyo hiyo malaria ya ubongo.

ICAM-1 ni mojawapo ya vitu vinavyoshikwa na hizo ndoano. Mwaka 1997 watafiti walichapisha kwamba watoto wengi wa Kilifi wana badiliko dogo kwenye ICAM-1, asidi-amino 1 tu, na kwamba badiliko hilo linaongeza hatari ya malaria ya ubongo. Baadaye tafiti za sehemu nyingine za Afrika hazikukubaliana nao. Sawa, sayansi ndivyo inavyokwenda. Mwaka 2013 ikaja nyingine: vimelea vya malaria kali hushika kipokezi kinaitwa EPCR, ambacho kazi yake ni kusaidia damu isigande ovyo na mshipa usivuje. Yaani mwizi hakuruka ukuta, amemshika askari wa geti mkono!

Niambie kama hiyo si hadithi ambayo mama yeyote wa hapa angeisikiliza mpaka mwisho.

Shangazi yangu hakuisikia. Binamu yangu alikuwa na miaka 3 alipoanza kukakamaa usiku, macho juu, povu mdomoni. Nyumba nzima ikasema degedege, nyuni amepita. Ukikulia Pwani unajua: nyuni ni ndege, akipita juu ya mtoto anamtupa. Akapelekwa kwa mganga kwanza. Siku nzima ya moshi na kombe. Hospitali alifika siku ya pili. Aliishi, alhamdulillahi, lakini ana kifafa mpaka leo na shule ilimshinda. Na msije hapa kumtukana shangazi. Alitumia maelezo aliyokuwa nayo. Mtu akikuambia "malaria imepanda kichwani" bila kukueleza imepandaje, na mwingine akakuambia kuna ndege, mbona usimwamini wa ndege? Angalau wa ndege ana hadithi kamili.

Hapo ndipo ninapogombana na makongamano haya. Damu ya mtoto wa huku inasafiri, inapata jina, inaonyeshwa kwenye slaidi. Maelezo yake hayarudi. Na kuna mikutano mingine ya wanasayansi, ile ya Gordon kwa mfano, ambako hata kupiga picha ya slaidi ni marufuku, kwa sababu wanataka watu waongee kwa uhuru kuhusu kazi ambayo haijachapishwa. Naelewa sababu. Lakini basi aliye nje ya ukumbi asiambiwe eti hana hamu ya sayansi.

Na kuingia ukumbini kwenyewe? Kuna dada ninayemjua, anafanya utafiti, si mtu wa kubahatisha kama mimi. Bango lake lilikubaliwa kwenye mkutano mmoja Ulaya. Ubalozi ukamnyima viza kwa kuwa hakuwashawishi kwamba atarudi nyumbani. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Hiyo ni zaidi ya shilingi 12,000, kodi ya nyumba. Bango lilibandikwa na Mjerumani mmoja mwenye roho nzuri, akasimama pale kujibu maswali ya kazi ambayo hakuifanya.

Nisiwe mnafiki. Watafiti wa KEMRI na Wellcome wako Kilifi tangu 1989 na wanakutana na wanakijiji na kwenda mashuleni, nimewaona. Na Blantyre, Malawi, ndiko ulikofanyika utafiti wa 2015 uliopiga picha bongo za watoto wenye malaria ya ubongo, ukaonyesha kwamba waliokufa wengi ubongo ulikuwa umevimba sana. Blantyre, si Boston. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Afrika hakuna pa kukutania.

Serikali yetu nayo isijifiche nyuma ya wazungu. Sheria ya sayansi ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti kila mwaka. Hatujafika hapo. Magari ya kubeba wageni wa heshima yananunuliwa, lakini mtafiti wetu anangoja ufadhili wa London ndipo anunue kemikali. Halafu tunashangaa mbona kongamano liko Amsterdam. Anayelipa bendi ndiye anachagua wimbo, buda.

Ninachotaka si kikubwa. Kongamano moja lije huku, liwe Mombasa au Kilifi kwenyewe. Siku ya mwisho saa 2 ziwe za Kiswahili, milango wazi, shangazi yangu akae mstari wa mbele na maswali yake. Wakisema hakuna maneno, nimeshawaandikia hapo juu: ndoano, ukuta, askari wa geti.

Mpaka hilo litokee, kama uko maabara yoyote duniani na una slaidi yenye neno Kilifi, nitafute. Dakika 5, Kiswahili, simu yangu na stendi yake ya mia tano. Nauli nitajilipia, ila kama uko Amsterdam itabidi tuongee kwa video.