Kura na Jumapili za St Andrews

Ndugu mwandishi, nimeyasoma kwa furaha maelezo yako juu ya safari ya kundi kwenda St Andrews kule Uskoti, ila nina la kuongeza, kwani wako jamaa wanaojikusanya watu wanane, wakakata tiketi na kulipia hoteli, hali wakidhani ya kuwa kiwanja kile kikongwe cha gofu, ambacho mwaka 1764 kilipunguzwa mashimo kutoka 22 hadi 18 na hatimaye ulimwengu mzima ukafuata hesabu hiyo, kitawangoja siku yoyote waitakayo. Hasha! Asiyepata nafasi mapema huingia katika kura inayopigwa siku mbili kabla ya mchezo, na kila ombi hupokea wachezaji wawili hadi wanne tu. Basi wanane hawana budi kujigawa mafungu mawili, na huenda fungu moja likafaulu na jingine likakosa, ikawa nongwa mezani usiku kucha.

Fauka ya hayo, Jumapili kiwanja hicho hakichezewi, ila kwa nadra wakati wa mashindano makubwa. Siku hiyo wenyeji hutembea humo na mbwa wao, na mgeni huweza kusimama juu ya daraja dogo la mawe la Swilcan akapigwa picha bila ya kutoa senti. Kwa rai yangu, Jumapili ndiyo siku bora ya kuwasili.

Wekeni kwanza nafasi katika viwanja vingine, Carnoustie au Kingsbarns, kura iwe ziada, na kila mmoja achukue cheti chake cha handikapu, maana ataulizwa.