Ndugu Zangu wa Katavi, Matangazo Yetu Yasomeke

Mwishoni mwa kiangazi, wakulima wakihangaikia mbolea ya ruzuku, nilimkuta mzee mmoja amesimama mbele ya ubao wa matangazo katika kata moja ya mkoa wetu. Baiskeli ameiegemeza ukutani, miwani yake mkono mmoja umefungwa uzi. Tangazo lilieleza siku ambazo kila kijiji kingehudumiwa na afisa wa kuandikisha wakulima. Vijiji vitano, tarehe tano, vyote vimeshindiliwa katika aya moja ya HERUFI KUBWA TUPU, mistari imebanana kama dagaa wa Ikola kwenye gunia. Mzee aliweka kidole kwenye jina la kijiji chake, lililokuwa mwishoni kabisa mwa mstari. Akakirudisha kushoto kuitafuta tarehe, kidole kikatua mstari mmoja chini zaidi. Ndivyo alivyokosea hata alipolisoma mara ya kwanza. Siku ya kijiji chake ilikuwa imepita jana.

"Macho yamezeeka, mwanangu," aliniambia.

Nilimwamkia, nikasoma tangazo lile mwenyewe, na nikalazimika kulirudia mara mbili. Macho yake hayakuwa na kosa. Aliyeshindwa ni yule aliyeupanga ukurasa, na pengine hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba ukurasa hupangwa.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, watendaji wa vijiji na mitaa, walimu, makatibu wa parokia na misikiti, viongozi wa vyama vya msingi vya tumbaku, na zaidi ya wote vijana wa steshenari za Mpanda, maana karatasi zetu karibu zote hupitia mikononi mwenu. Kupanga herufi ni ufundi kama ushonaji. Mwenye kuuvaa ukurasa ni msomaji, basi tumpime yeye.

Na msomaji wetu tunamjua. Yuko mzee aliyejifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na tangu hapo hajawahi kupimwa macho. Yuko mama wa Katumba au Mishamo aliyekulia Kirundi, na mfugaji anayeota ndoto zake kwa Kisukuma. Wote wanasoma Kiswahili chetu, lakini wanasoma polepole, neno kwa neno, wamesimama juani. Ukurasa uliobanana unamchelewesha hata mwenye shahada. Hawa unawaacha nje kabisa.

Tuanze na herufi kubwa, kwa sababu hapo ndipo tulipozama. Angalieni barua yoyote ya ofisini: YAH:, kisha kichwa cha habari chote kwa herufi kubwa, kimepigiwa mstari. Desturi hiyo ilitoka kwenye taipureta. Mashine ile ilikuwa na saizi moja tu ya herufi na haikuwa na herufi nene, kwa hiyo karani aliyetaka neno lionekane alikuwa na njia mbili: alikuze kwa herufi kubwa au alipigie mstari. Alifanya alichoweza, na alifanya vizuri. Sisi leo kompyuta inatupa herufi nene na saizi yoyote tunayotaka, ila bado tunaandika kama karani wa mwaka 1965, tena tumeuchukua mtindo wa kichwa cha habari tukaushusha hadi kwenye aya nzima. Herufi kubwa zina kimo kimoja. Herufi ndogo zina vichwa na mikia: k na t hupanda, g na y hushuka, na jicho hupata pa kushika. Herufi kubwa pia hula nafasi, hivyo mchapaji hulazimika kupunguza saizi ili maneno yaenee. Hapo tunapata hasara mbili kwa mpigo.

Lakini mbona kanga huandikwa kwa herufi kubwa na kila mtu huisoma? Chukueni kanga moja muitandaze kitandani. Jina lake ni maneno machache, ya mstari mmoja, na limewekwa ndani ya kisanduku chenye nafasi tupu kuzunguka pande zote. Kanga za zamani pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi za Kirumi, na kile kisanduku kikabaki. Waliobuni kanga walijua kwamba nafasi tupu ni sehemu ya maandishi. Kichwa cha tangazo kinaweza kabisa kuandikwa kama kanga. Mwili wa tangazo uandikwe kama barua kwa mtu unayempenda.

Kuhusu nafasi, sisi watu wa Mpanda tuna sababu yetu ya kuijali. Reli ya tawi kutoka Kaliua ililetwa huku kwa ajili ya mgodi wa Mukwamba, uliotoa risasi. Na risasi ndiyo iliyokuwa madini ya herufi. Tangu siku za Gutenberg kule Mainz, katika karne ya 15, hadi wazee wetu walipokuwa wakisoma gazeti la Kiongozi lililochapwa Tabora miaka ya 1950, wapiga chapa walipanga maneno kwa vipande vya risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, herufi moja moja, kwa mkono au kwa mashine. Mistari ilipobanana mno, walichomeka vibanzi vyembamba vya risasi katikati yake ili iachane. Leo ni kubonyeza tu: badala ya nafasi ya 1, weka 1.3 au 1.5. Kama mzee yule angewekewa nafasi hiyo, kidole chake kingetua mahali pake.

Fonti zenyewe zisiwasumbue sana. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikaanza kutumika mwaka 1932, na kazi yake ilikuwa kuingiza maneno mengi katika safu nyembamba. Kwa barua inafaa. Kwa ukuta ni nyembamba, basi tumieni Arial au Calibri, moja tu kwa ukurasa mzima. Pointi 72 ni sawa na inchi moja. Pointi 12 zinamfaa aliyeketi mezani, ila anayesoma akiwa amesimama mbele ya ubao apewe angalau 20. Ukingo wa kulia uacheni bila kunyooshwa. Kiswahili kina maneno marefu, na "watakaoandikishwa" likikosa nafasi mwishoni mwa mstari hurukia mstari wa chini. Kompyuta iliyoamriwa kunyoosha kingo zote mbili huyavuta maneno yaliyobaki hadi mashimo yakatokea katikati ya sentensi.

Yako mengine mawili yanayohusu Kiswahili chetu, kwa hiyo ni juu yetu kuyatunza. La kwanza ni ritifaa ya ng'. Mkoa wa wafugaji hauwezi kubandika tangazo la chanjo ya "ngombe". Alama ile ndogo ni sehemu ya herufi, na anayejifunza kusoma huitegemea. La pili ni saa. "Saa" isibaki mwishoni mwa mstari huku "3:00 asubuhi" ikianguka mstari wa chini. Shikilieni Ctrl na Shift mnapobonyeza nafasi kati ya maneno hayo, na hayataachana tena. Namba za simu nazo zikatwe vipande vya tarakimu tatu au nne, kama tunavyozitamka.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kubandika tangazo, litundikeni kwanza ukutani hapo hapo steshenari, mrudi nyuma hatua tatu, kisha mwiteni mtu mzima yeyote anayepita na mwombeni alisome kwa sauti. Akisita mahali, parekebisheni hapo.

Lile tangazo la kata nililinakili kwenye daftari, nikaenda kulichapa upya mjini. Kijana wa steshenari alikataa kupokea hela ya kazi, akachukua ya karatasi tu. Kila kijiji kilipata mstari wake, jina kushoto kwa herufi nene, siku na saa kulia. Ukurasa ulikuwa ule ule mmoja, na chini ilibaki nafasi ya kiganja kizima. Wiki iliyofuata nilimpelekea mtendaji. Aliliangalia kwa muda, akachukua gundi, akatoka nalo hadi kwenye ubao.