Barafu na Wanaoidharau

Yako maneno yasemwayo na baadhi ya wasomi kwamba utafiti ufanywao Antaktika ni anasa ya mataifa yaliyoshiba. Husema kuwa huko hakuna shamba wala soko, na kuwa fedha zimwagwazo juu ya theluji zingejenga shule na hospitali. Maneno haya yana sauti ya huruma, na kwa hiyo hupokelewa upesi. Lakini huruma isiyo na maarifa humponza anayehurumiwa.

Mwaka 1956 Waingereza walijenga kituo cha Halley juu ya barafu ieleayo baharini. Humo ilianzwa kazi isiyo na sifa: kupima ozoni ya angani, mwaka baada ya mwaka. Kwa miaka mingi vipimo hivyo havikutoa habari ya kutangazwa. Mpenda faida ya haraka angalikifunga chombo sandukuni, akaiita kazi ile upuuzi. Mwaka 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kwamba ozoni juu ya Halley, ifikapo Oktoba, ilikuwa imepungua kwa karibu theluthi moja. Upungufu huo ungalijulikanaje kama wingi wa zamani usingaliandikwa? Mwaka 1987 mataifa yakafanya Mkataba wa Montreal, na kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia zilizokuwa zikiila ngao hiyo zikaanza kuzuiwa. Ngao hiyo humkinga tajiri na maskini na miali ya jua idhuruyo ngozi na macho.

Huko Dome C, wataalamu wa Ulaya walitoboa barafu zaidi ya mita 3,200. Katika mapovu ya hewa yaliyonaswa humo imesomwa historia ya miaka 800,000. Katika muda wote huo, mpaka zama za viwanda, kabonidayoksaidi haikuzidi sana sehemu 300 katika milioni. Leo imepita 420. Hii ni hati ya ushahidi. Bila hati hiyo, wachomao makaa na mafuta wangalidai kuwa hewa imekuwa hivi siku zote, na nani angaliwakanusha?

Ni kweli kwamba si elimu peke yake iyapelekayo mataifa kusini. Mkataba wa Antaktika wa 1959 uliwapa haki ya kuamua waliouasisi, na wengine huipata kwa kufanya utafiti wa maana huko. Katika Afrika, ni Afrika Kusini tu yenye haki hiyo. Basi aonaye udhalimu hapo asiuponye kwa dharau, maana dharau huuacha ulivyo. Na adai nafasi ya kupima pamoja na wapimao.

Barafu ya Antaktika ingeyeyuka yote, bahari ingepanda kwa mita zipatazo 58. Sehemu yake ndogo tu yatosha kuitisha Lamu. Wahenga walionya kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na ufa hauzibwi na mtu aliyemcheka mkaguzi wa ukuta.