Mungu wa Milima, Mungu wa Mabonde

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako 1 Wafalme 20, usome kuanzia mstari wa 23 mpaka wa 30.

Ben-hadadi mfalme wa Shamu alikuwa amepigwa na Israeli huko milimani. Watumishi wake walipotafuta sababu, walifikia neno moja: Mungu wa watu hawa ni wa milima. Tuwashushe uwandani, huko tutawaweza. Mwaka uliofuata wakaja vitani Afeka. Washami waliijaza nchi, nao Israeli walionekana kama vikundi viwili vidogo vya mbuzi. Bwana akawapa Israeli ushindi, na sababu aliyoitoa ni maneno yale yale ya adui, kwamba Yeye ni wa milima tu.

Sasa nije kwa jambo la safari.

Tumetangaza kwamba likizo ya Agosti vijana wetu, wavulana kwa wasichana, watasafiri wakicheza mpira na vijana wa makanisa mengine. Wataanza Siakago, kisha Runyenjes, Chuka, Nkubu, na mwisho Meru. Kila jioni kuna ibada, na watalala kwa wenyeji wao. Tangu tangazo hilo, baadhi yenu mmeniuliza, kwa heshima, kwa nini wasichezee hapa nyumbani Embu, pesa za gari zikabaki kwa kazi ya Mungu. Jibu langu ni kwamba safari hii ni kazi ya Mungu. Nipe dakika chache nieleze.

Aliyecheza mpira anajua kwamba hakuna viwanja viwili vinavyofanana. Upande wetu huu wa mlima, kiwanja cha shule mara nyingi kina mteremko. Timu moja inapanda kipindi cha kwanza, nyingine inapanda cha pili. Mvua ikinyesha huku juu penye chai na kahawa, udongo mwekundu unashika kiatu na mpira unakwama njiani. Ukishuka Mbeere ardhi ni kavu na ngumu, mpira unadunda juu ya kichwa na vumbi linaingia machoni. Kisha kuna viwanja vikubwa: Kinoru kule Meru, palipofanyika sherehe za Madaraka mwaka 2018, na Moi Stadium hapa Embu, zilipofanyika 2023. Kijana aliyezoea mteremko wa kwao akiingia uwanja tambarare, pasi yake inampita mwenzake na watu wanacheka. Si kwamba hajui mpira. Anajua kiwanja kimoja.

Na sheria ya kwanza ya mpira inaruhusu tofauti hizo. Urefu wa kiwanja unaweza kuwa mita 90 hadi 120, na upana mita 45 hadi 90. Lakini goli halina ruhusa hiyo. Ni mita 7.32 kutoka mlingoti hadi mlingoti, na mita 2.44 kutoka chini hadi mwamba wa juu, iwe Nkubu au London. Ndugu yangu, kiwanja hubadilika, goli halibadiliki. Ukweli ni ukweli Embu na ni ukweli Meru. Mpira ukikugusa mkono na refa asione, wewe umejua, na Mungu amejua.

Sasa angalia imani ya watoto wetu. Hapa nyumbani kijana anaimba kwaya kwa sababu mama yake yuko kwaya. Anafunga kwa sababu nyumba nzima imefunga. Jumapili hawezi kulala mpaka saa nne kwa sababu baba atagonga mlango. Namshukuru Mungu kwa wazazi wa namna hiyo. Lakini huo wote ni uwanja wa nyumbani, na mashabiki wote ni wa nyumbani.

Halafu anamaliza Kidato cha Nne. Anaitwa chuo Chuka au Nairobi, au anapata kazi Saudia, nchi ambayo haina kanisa la kuendea. Hakuna anayegonga mlango. Tumewaona wakiondoka tukiwawekea mikono, na Desemba wanarudi wakikaa kiti cha nyuma, au hawaji kabisa. Sisi tunasema ulimwengu umewachukua. Mimi naona wengi wao walikuwa hawajawahi kucheza ugenini hata siku moja.

Danieli alichukuliwa akiwa kijana. Walimbadilishia jina, lugha na chakula. Hekalu lilikuwa mbali, na hapakuwa na mzee wa kumkumbusha saa ya maombi. Soma Danieli 6:10 uone. Alipiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Mazoea yale aliyajenga kabla ya tundu la simba.

Ndiyo maana nataka vijana wetu wazunguke viwanja sasa, wakati walezi wao bado wako karibu. Walale nyumba isiyo yao. Wale walichopikiwa na kushukuru. Wachezeshwe na refa wasiyemjua, wazomewe na watu wasiowajua, na bado waamke asubuhi kuomba bila mama kuwaita. Atakayejikwaa ugenini wiki hiyo, kuna mlezi wa kumwinua jioni ile ile.

Mama mmoja ameniuliza kuhusu barabara. Huo si uoga wa bure. Barabara ya Embu kwenda Meru inashuka na kupanda mabonde ya mito, na Daraja la Nithi sote tunalijua. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Imani haitupi ruhusa ya kumjaribu Bwana. Kwa hiyo tutasafiri mchana tu, kila kijana na kiti chake na mkanda wake, na dereva hatasukumwa kuwahi mechi. Tukichelewa, mechi itangoja. Gari lisipokaguliwa, hatuondoki.

Kuhusu pesa, nitasema wazi. Harusi tunachanga, mazishi tunachanga. Kijana akishapotea stendi na muguka mdomoni, tunaita mkesha na kumlilia Mungu usiku kucha. Mkesha ni mzuri. Lakini kumchangia nauli kabla hajapotea ni maombi pia.

Mzazi, mruhusu mtoto wako. Usimpigie simu mara tano kwa siku. Akirudi usianze na matokeo ya mechi. Muulize aliomba na nani, na alikosana na nani, na walipatanaje.

Kijana, ukifungwa mabao manne Siakago, msalimie aliyekufunga. Osha vyombo vya nyumba uliyolala. Usiseme Mungu wako alibaki Embu.

Tuombe. Baba, wewe ni Mungu wa milima na ni Mungu wa mabonde. Uwalinde watoto wetu barabarani. Wafundishe kukujua wewe mwenyewe, si kwa sababu ya macho yetu. Na wale walio mbali na nyumbani usiku huu, chuoni, kazini, ng'ambo, uwakumbushe kwamba huko pia ni kwako. Kwa jina la Yesu. Amina.

Kama una kijana aliye ugenini, andika jina lake moja tu hapa chini. Ijumaa kwenye maombi tutayataja yote.